Nyuki Juu ya Siagi ya Shemeji

Jumamosi iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya paa la gari la kampeni, nimevalishwa kichwa cha ng'ombe wa plastiki kilichokwama masikioni, na bendi ya shule inapiga wimbo wa mgombea mwingine. Nilishushwa na zimamoto. Kichwa kilivuliwa kwa sabuni.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, naitwa Gordy Wachholz. Nilikuwa mfugaji hapa Wisconsin, jimbo la Marekani linaloishi kwa maziwa na jibini, mpaka nilipouza ng'ombe wangu wa mwisho. Sasa ni dereva wa shemeji yangu, Seneta Royce Dettmann, kaka wa mke wangu Marlys. Gavana wetu ametangaza kwamba hagombei tena, kiti kimebaki wazi, na kila mwenye suti amejitazama kwenye kioo akaona anafaa. Kwenye chama chetu peke yake wamejitokeza tisa. Mchujo wa chama ni Agosti.

Kazi hii sikuiomba. Marlys alisema, "Gordy, utamwendesha kaka yangu," nami nikasema nitamwendesha. Kwa miaka thelathini na moja mke wangu ameniambia cha kusema, na imenisaidia sana. Nilipojisemea mwenyewe nilijuta kila mara.

Leo nataka kuungama moja ya hizo mara. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa aibu tu. Hili ni dhambi.

Mnayajua mabango ya shemeji. Yana kipande cha siagi kikubwa kuliko kichwa chake, na chini yake maneno: ROYCE, SIAGI HALISI. Msichojua ni kwamba Februari madaktari walimzibua mshipa wa moyo, na tangu siku hiyo siagi kwake ni sumu. Anakula majarini, ile siagi bandia ya mafuta ya mimea.

"Watu wakijua, amekwisha," Marlys aliniambia.

"Wakijua kuhusu moyo?"

"Moyo watamhurumia. Majarini hawatamsamehe."

Alisema kweli. Kwetu majarini si chakula, ni tuhuma. Zamani ile ya rangi ya njano ilipigwa marufuku jimbo zima. Hata leo mkahawa hauruhusiwi kukuwekea mezani mahali pa siagi mpaka uiombe kwa mdomo wako, na wanaoiomba huiomba kwa kunong'ona. Kiongozi wetu anaweza kuoa mara tatu na kulala bungeni, akachaguliwa tena. Majarini, hapana.

Basi Marlys akatumia akili. Alichukua kibao cha kuchapia siagi cha marehemu mama yao, Irma, kile chenye nyuki aliyechongwa, akaanza kuichapa majarini humo. Kila asubuhi ananikabidhi vipande vitatu ndani ya sanduku la barafu. Vina nyuki mgongoni, safi kabisa. Ukiviona unasema hii ni siagi ya nyumbani, ya ukoo wenye adabu.

"Popote atakapokula, Gordy, unamwekea hivi. Akikuuliza mtu, sema ni siagi ya mama."

"Ni siagi ya mama," nikasema.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumamosi ya pili ya Juni.

Siku hiyo ilikuwa kifungua kinywa cha wafugaji kwenye shamba la Bibi Hulda Kasparek. Watu elfu tatu walikuja na watoto wao kula mayai, soseji, chapati za maji na aiskrimu, saa mbili asubuhi, ndani ya banda la matrekta. Mgombea ugavana asiyeonekana pale huhesabiwa kuwa amefariki. Wote tisa walikuwepo, wamevaa buti mpya, kila mmoja na meza yake ya kuhudumia wananchi.

Meza ya shemeji ilikuwa jirani na ya Daktari Trudy Vandehey.

Hapa lazima niseme ukweli, maana nimeahidi. Trudy ni daktari wa mifugo, na ndiye niliyekusudia kumpigia kura. Siku niliyouza ng'ombe wangu alikuja kuwapima kabla lori halijawabeba. Walipoondoka sikuweza kusimama. Hakunipa pole wala mawaidha. Alichukua ndoo, akaigeuza kichwa chini, akanikalisha, akasimama pembeni yangu mpaka niliponyanyuka mwenyewe. Sijamsahau.

Nikaweka kisahani cha nyuki karibu na sahani ya shemeji.

"Gordy!" shemeji akaita kutoka mlangoni. "Njoo unishikie huyu ndama, wapiga picha wako tayari!"

"Nimeshika kisahani, shemeji."

"Kisahani kina mguu? Njoo!"

Nikaenda. Ndama alimlamba shemeji tai yote. Niliporudi, kisahani hakipo. Kuna mama wa kujitolea alikuwa anapanga meza, akakisogeza kwenye nafasi aliyoiona wazi. Nafasi hiyo ilikuwa meza ya Daktari Trudy. Na aliyekaa pale, kisu mkononi, mdomo umejaa chapati, alikuwa Bibi Hulda mwenyewe.

Bibi Hulda ana miaka themanini na minane. Alitafuna mara moja. Akatafuna tena, polepole. Akaweka kisu chini.

"Nani kaleta takataka hii kwenye shamba langu?"

"Takataka gani, mama?" akauliza mkwewe.

"Majarini."

Banda zima likageuka kutazama, kuanzia meza ile mpaka kwenye foleni ya aiskrimu.

Mwandishi wa habari Denise Plautz, ambaye hunusa aibu ya mtu akiwa kaunti ya pili, alikwisha kufika na simu yake. "Imetoka kwa nani, Bibi Hulda?"

"Hilo ndilo ninalouliza. Mimi nimeikuta hapa, na miwani yangu iko nyumbani."

Shemeji akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tangu siku ya harusi yangu. Kisha akapaza sauti ya jukwaani:

"Shemeji yangu alikuwa hapa tangu alfajiri. Ni mtu mkweli. Gordy, hebu tuambie, umeona imetoka meza ipi?"

Nilimtafuta Marlys kwa macho. Alikuwa kwenye foleni ya aiskrimu, mbali, na mtu mrefu kamziba. Hapakuwa na wa kuniambia niseme nini.

"Nadhani," nikasema. "Nadhani ilikuwa meza ya Daktari."

Trudy alikuwa ameshika jagi la maziwa. Hakulitua. "Gordy?" akasema. Basi, hilo tu.

Nikainamisha kichwa, nikawa natazama buti zangu.

Kufikia Jumapili jioni alikwisha kupewa jina: Trudy Majarini. Mtu mmoja alimtundikia makopo matupu getini. Wafugaji aliowazalishia ng'ombe kwenye theluji walianza kumpigia simu. "Daktari, ndama wako sawa, usijisumbue kuja." Sasa hawakuwa wanamnyima kura tu. Walikuwa wanamnyima kazi yake, na yote kwa sababu ya "nadhani" yangu moja.

Shemeji akapanda pointi kumi na moja kwenye kura ya maoni.

"Shemeji!" akanipiga begani ndani ya gari. "Kumbe wewe mwanasiasa! Ulikuwa unapoteza muda na ng'ombe."

"Royce, tumemsingizia mtu."

"Nani kamsingizia? Umesema unadhani. Kudhani ni haki ya raia." Akacheka mpaka akakohoa. "Nikiingia ofisini, mkaguzi mkuu wa jibini wa jimbo lote ni wewe."

Cheo hicho amekwisha kuwaahidi watu watano. Najua kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naendesha.

Nyumbani nilishindwa kula.

"Una nini?" Marlys akauliza.

"Tumbo."

"Tumbo la wiki nzima? Gordy, nani aliyempa yule bibi kile kisahani?"

"Sijui. Kilisogezwa."

"Na aliyesema ni cha Trudy?"

"Watu walisema."

Alinitazama kwa muda, kisha akaendelea kukunja nguo. Nilifurahi kwamba nimempita akili. Niliwaambia kwamba nikijisemea mwenyewe hujuta.

Daktari Trudy hakulia hadharani wala hakumtukana mtu. Wiki moja baadaye alisimama mbele ya kamera akasema maneno machache: "Seneta Royce anajinadi kwa siagi. Mimi naitwa majarini. Ijumaa tuna mdahalo. Tufungwe macho, tuonje sahani mbili, wananchi waone nani anaijua siagi."

Shemeji angekataa vipi? Angekataa, na fulana elfu nne za SIAGI HALISI zimekwisha kuchapwa?

Ijumaa mchana, tukielekea ukumbi wa zimamoto wa Kessel Prairie, alifungua kioo cha gari akakifunga, akakifungua tena.

"Gordy, tangu Februari sijaigusa siagi. Ulimi wangu umesahau. Ukinipa mafuta ya trekta nitasema asante."

"Basi sema unaumwa."

"Sikiliza. Sahani unaandaa wewe. Siagi weka kushoto. Majarini kulia. Kushoto, Gordy. Upande wa moyo."

"Niandae mimi? Upande wa Daktari watakubali vipi?"

"Si wamekubali wenyewe!" Shemeji alitabasamu. "Trudy ndiye aliyekutaja. Alisema, mpeni Gordy, yule hawezi kudanganya mara mbili."

Nikaongeza mwendo. Ng'ombe wamenipiga mateke mengi maishani, na yote yalipona; hilo la Daktari halijapona.

Jikoni mwa zimamoto palikuwa na moshi wa samaki wa kukaanga, desturi yetu ya kila Ijumaa. Bibi Hulda alikuwa amekaa kwenye kona, anakata mkate mweusi. Safari hii alikuwa na miwani.

"Funga mlango, kijana," akasema. Nina miaka hamsini na minane.

Nikafunga. Akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha, akakifungua mezani. Nusu ya kipande cha majarini, na juu yake nusu ya nyuki, mwenye bawa moja.

"Siku ile niliifunga nikaenda nayo nyumbani ili nikawaonyeshe wajukuu uchafu unavyofanana. Nikavaa miwani. Nikamwona mdudu. Unamjua huyu?"

Nilimjua. Nikalisukuma sanduku la barafu chini ya meza kwa mguu.

"Kibao hicho nilimpa mimi Irma Dettmann siku ya harusi yake," akasema. "Hakuna kingine jimbo hili."

"Bibi, lakini ulijuaje kwa kutafuna mara mbili tu?"

Bibi Hulda akatazama mlango. Akashusha sauti.

"Nimevuka mpaka kwenda jimbo jirani la Illinois kununua majarini mara kumi na moja, enzi za marufuku. Nilikuwa naificha chini ya nepi za mtoto. Kwenye keki haina mpinzani."

"Na marehemu mzee?"

"Alidhani ni siagi ya dada yangu. Amekufa anaisifu."

Ningecheka, kama si machozi yaliyokuwa yananisogelea. Nikamuuliza mbona hakusema siku zote hizo.

"Nilikungoja wewe. Nikisema mimi, ni kikongwe mwenye maneno mengi. Yule binti amekutendea ubaya gani?"

"Hakunitendea ubaya wowote."

"Basi. Sahani zikifika mezani na hujafungua mdomo, nitaufungua wa kwangu." Akarudi kwenye mkate wake.

Wasomaji wangu, sikuwa jasiri. Nilisimama mbele ya zile sahani mbili, nikajaribu kujisemesha kwa sauti, "Ndugu zangu, nilidanganya," na sauti haikutoka hata pale jikoni tulipokuwa wawili. Mdomo uliponishinda nikautuma mkono. Siagi ya zimamoto nikaiweka kulia. Kisha nikafungua sanduku la barafu, nikatoa kipande cha mchana cha shemeji, kizima, nyuki wake na mabawa yake yote mawili, nikakiweka kushoto.

Kwenye karatasi ya siri niliyotakiwa kumpa mkuu wa zimamoto niliandika ukweli. Nikafunika sahani kwa mabakuli, nikazibeba.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka kwenye magari ya zimamoto. Marlys alikuwa mstari wa mbele, ndani ya fulana ya kaka yake. Daktari Trudy alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani.

"Mimi ni mkubwa kwa umri, natangulia," shemeji akasema, na hakusubiri jibu.

Akafungwa macho kwa kitambaa cha vyombo. Nikafunua mabakuli. Watu wa mbele waliona nyuki, lakini nyuki kwao alikuwa urembo tu. Marlys ndiye niliyemwona akishika kiti.

Mkono wa shemeji ulikwenda kushoto bila kupapasa. Akapaka mkate, akang'ata, akainua uso kama anasali.

"Ndugu zangu! Hii ndiyo siagi! Nimekulia juu ya ladha hii. Hii," sauti ikatetemeka vizuri sana, "hii ni mikono ya mama yangu!"

Makofi yakalipuka. Mtu akapiga king'ora. Shemeji akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kitambaa bado usoni, huku mkuu wa zimamoto anafungua karatasi yangu. Aliisoma kimoyomoyo, akanitazama, akaisoma tena.

"Kulia siagi," akasema kwenye kipaza sauti. "Kushoto majarini."

Kicheko kilianzia nyuma. Shemeji aliking'oa kile kitambaa, akatazama sahani, akamwona nyuki. Rangi ikamtoka.

"Mheshimiwa," Denise Plautz akawa amekwisha kufika mezani, "majarini hii ina chapa. Ya nani?"

"Sijawahi kuiona!"

"Ni ya mama yako," Bibi Hulda akasema kutoka mlango wa jikoni. "Nilimpa mimi. Na hii hapa ni nusu ya ndugu yake, niliyoibakiza shambani kwangu."

Akainua ile karatasi ya fedha. Kicheko kikakatika.

Ndipo Marlys aliposimama. Hakuhitaji kipaza sauti, hajawahi kukihitaji.

"Ni mimi," akasema. "Nimeichapa kwa mikono yangu. Kaka yangu alizibuliwa moyo Februari na siagi itamuua, na ninyi mngemmeza mzima kwa kula majarini, wakati nusu yenu mnayo kwenye friji, nyuma ya maziwa. Na ile ya shambani ilikuwa yangu vilevile. Daktari Trudy hakuhusika kwa lolote." Akageuka polepole mpaka akanipata. "Aliyesema ni ya Trudy ni mume wangu. Wiki mbili namngoja aniambie. Gordy, sema."

Mke wangu aliniambia niseme, nikasema.

"Nilikusingizia, Daktari. Nilijua ni yetu. Nilijua, na nikasema ni yako."

Sauti ilitoka safari hii, na machozi yalitoka nayo, mbele ya watu mia nne na harufu ya samaki. Nikashika ukingo wa meza. Daktari Trudy akanyoosha mguu, akakisogeza kwangu kiti kimoja cha mezani.

"Kaa, Gordy."

Nikakaa. Nilidhani yamekwisha. Niliona amani inakuja.

"Nikuulize jambo moja tu," akaendelea, kwa ile sauti anayotumia kwa ng'ombe aliyevunjika mguu. "Seneta hakuigusa sahani ya kulia. Hakuitafuta hata kwa kidole. Mimi nimefanya kazi na mifugo miaka ishirini na sita. Ng'ombe aliyefungwa macho akienda moja kwa moja kwenye ndoo, kuna mtu amemwonyesha njia kabla. Nani alimwambia kushoto?"

Ukumbi ukageuka wote. Shemeji alikuwa anatikisa kichwa kwangu, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Marlys naye akamgeukia kaka yake, kisha mimi, na usoni pake nikaona kwamba hilo hakulijua.

Nikamtazama mke wangu, kama ninavyomtazama siku zote, ili aniambie niseme nini.

Safari hii hakuniambia kitu.